Kuongeza diski ya pili: kupata nafasi si kupata usalama

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, yawezekana kwamba hata nyumbani kwako imo kompyuta, imekaa katika pembe ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi. Watoto huifanyia kazi za shule. Mama huandika humo hesabu za kikoba. Picha za arusi zimo, vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa picha vimo, na barua ya kiwanja imo. Siku zinapita, vitu vinaongezeka, na asubuhi moja mashine inakataa kupokea chochote zaidi, kwa kuwa nafasi imekwisha. Hapo ndipo jirani au fundi anapotoa ushauri: "Ongeza diski ya pili."

Ushauri huo ni mwema. Kazi yenyewe si ngumu, nayo haihitaji mtu awe mhandisi. Mfanyakazi yeyote aliyewahi kushika bisibisi aweza kuimaliza katika alasiri moja. Lakini liko jambo ambalo aghalabu halisemwi dukani wala kwa fundi, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Diski ya pili ni nafasi ya pili. Si lazima iwe nakala ya pili. Asiyeitambua tofauti hiyo ni sawa na mkulima aliyejenga ghala jipya, akahamishia humo mavuno yake yote, kisha akalala usingizi akidhani ana akiba maradufu kwa kuwa sasa ana maghala mawili.

YALIYONIPATA

Nasema haya kwa kuwa yamenipata. Miaka michache iliyopita marehemu baba yangu alikubali kuketi nami kwa Jumapili tatu mfululizo, nikanasa sauti yake akieleza habari za ukoo wetu: nani alimzaa nani, tulitoka wapi, mipaka ya shamba la babu ilipita kwenye miti gani, na mahari ya shangazi ilibaki deni kwa nani. Zilikuwa saa nne na dakika kadhaa. Nikaziweka katika kompyuta ya nyumbani, pamoja na picha zetu zote.

Diski ilipojaa nilinunua nyingine kubwa zaidi, nikaifunga mwenyewe, nayo ikafanya kazi mara moja. Nilifurahi mno. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nami, kwa kuwa diski mpya ilikuwa mpya, nikaiamini kuliko ile kuukuu. Nikahamishia humo kila kitu, pamoja na sauti ya mzee, na mahali palipoachwa wazi katika diski ya zamani nikapajaza filamu za watoto. Zingatia neno hilo, ndugu msomaji: sikunakili, nilihamisha.

Mwezi wa tisa tangu siku hiyo diski mpya ilianza kutoa mlio mdogo, tiki, tiki, kama saa ya ukutani. Baada ya siku mbili haikuonekana tena. Fundi aliishika, akaisikiliza, akaniambia kwa upole: "Mzee, hii imekufa. Nakala nyingine iko wapi?" Sikuwa na jibu. Baba tulikuwa tumemzika miezi miwili kabla ya hapo.

Kilichookoka ni dakika sita tu. Hizo nilikuwa nimempelekea dada yangu Tanga kwa simu, ili asikie mzee anavyomtania mama. Dakika hizo hazikuokolewa na ufundi wangu, bali kwa sababu zilikuwa mahali pengine.

DISKI NI KITU GANI?

Diski ngumu ndiyo stoo ya kompyuta. Kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita ramu, husahau kila kitu umeme unapozimwa, diski hukumbuka. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, nayo kwa ukubwa ililingana na kabati. Pamoja na ukubwa huo wote, iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu, ambazo kwa vipimo vya leo hazizidi wimbo mmoja. Siku hizi diski inayotosha kiganjani huhifadhi herufi trilioni moja, yaani terabaiti 1, na ziko zinazozidi hapo mara nyingi.

Ukinunua diski ya terabaiti 1, usishangae Windows ikikuonyesha gigabaiti 931 hivi. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, na Windows huhesabu kwa 1,024; kilo ni ileile, mizani ndizo mbili.

Diski ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya sahani. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake bila kugusa, kwa mwanya ulio mdogo kuliko chembe ya moshi. Ndiyo sababu kompyuta ikigongwa au kuhamishwa ikiwa inafanya kazi, kichwa chaweza kuipiga sahani na kuikwaruza. Ya pili ni ile isiyo na sahani, inayohifadhi mambo katika chipu, nayo mafundi huiita SSD. Hii haina sauti, ni nyepesi, huvumilia mshtuko, na huifanya hata kompyuta ya zamani iamke upesi. Lakini kwa nafasi ileile bei yake ni kubwa zaidi, na inapokufa mara nyingi hufa kimya, bila hata ule mlio wa tiki, tiki.

Kwa nyumba nyingi mpango unaofaa ni kuweka zote mbili. Mfumo endeshi na programu zikae katika SSD, ambako wepesi unahitajika. Picha, filamu na kumbukumbu nyingine kubwa zikae katika diski ya sahani, ambako nafasi ni rahisi kuipata.

KWANZA IJUE KOMPYUTA YAKO

Usiende dukani kabla ya kufungua ubavu wa kompyuta na kutazama. Mambo unayoyatafuta ni matatu: tundu la kupokelea diski katika ubao mkuu, plagi ya umeme iliyo huru, na mahali pa kuifunga diski.

Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa katika miaka ishirini iliyopita hutumia mfumo uitwao SATA, ulioanza mwaka 2003. Kebo yake ni nyembamba, na kila diski ina kebo yake. Kompyuta za kabla ya hapo zilitumia utepe mpana uliobeba diski mbili, na mwenye kuzifunga alilazimika kuhamisha kipini kidogo nyuma ya diski ili mashine ijue ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Ukiukuta utepe huo, jua kwamba mashine ni ya zamani sana, na fedha yako huenda ikafaa zaidi kuinunulia diski ya nje.

Diski ya sahani ya kompyuta ya mezani huwa ya aina iitwayo ya inchi 3.5, na SSD nyingi za SATA huwa za inchi 2.5. Hiyo ndogo ikitiwa katika nafasi ya ile kubwa huhitaji fremu ya kuishikilia; uliza dukani. Iko pia SSD iliyo kama kijibao chembamba, yenye upana wa milimita 22 na, mara nyingi, urefu wa milimita 80, ambayo huchomekwa moja kwa moja katika ubao mkuu. Hiyo ina hila yake. Vijibao viwili vyaweza kufanana kwa sura, kumbe kimoja huzungumza kwa njia ya SATA na kingine kwa njia nyingine iliyo nyepesi zaidi, na si kila tundu hupokea vyote. Aidha, katika baadhi ya kompyuta kijibao hicho kikichomekwa, tundu mojawapo la SATA huzimika. Mwenye kompyuta huona diski yake ya zamani imetoweka, akadhani imekufa, kumbe inahitaji tu kuhamishiwa tundu jingine. Kitabu cha mashine hueleza yote haya, kisome.

Wenye kompyuta mpakato nao wasikate tamaa. Nyingi hazina nafasi ya diski ya pili ndani, lakini diski ya nje inayounganishwa kwa kebo ya USB huwafaa vizuri. Tena ina sifa moja kubwa ambayo nitaieleza mbele: yaweza kuchomolewa.

SIKU YA KAZI

Kabla ya kugusa skrubu hata moja, nakili vitu usivyoweza kuvipata tena, hata kama ni katika flashi ndogo. Ajali za kompyuta hupenda kutokea siku ya matengenezo.

Kisha zima kompyuta, chomoa waya ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia ndani utoke. Iweke juu ya meza, si juu ya zulia. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika diski, na ugusekuguse tena kila mara, kwa sababu mwili wa mtu hukusanya umeme mdogo ambao wewe huusikii lakini chipu huusikia. Mpe mtoto kazi ya kushika tochi, na mwingine kazi ya kuweka skrubu katika kisosi. Watajifunza, na skrubu hazitapotea.

Telezesha diski mahali pake, uikaze kwa skrubu zilizokuja nayo au zilizomo katika kasha. Usitumie ndefu kuliko inavyotakiwa, wala usikaze kwa nguvu zako zote. Ikiwa nafasi inaruhusu, acha mwanya kati ya diski ya zamani na mpya ili hewa ipite. Katika miji yetu ya pwani joto ni adui wa kila siku. Chomeka kebo ya data katika diski na katika ubao mkuu, kisha ile pana kidogo ya umeme. Vichwa vya kebo hizo vina umbo la herufi L, hivyo huingia upande mmoja tu. Vikikataa, geuza, usisukume.

Tahadhari nyingine: usiazime kebo ya umeme ya kompyuta nyingine ukaichomeka katika kisanduku cha umeme cha kompyuta yako. Kichwa chaweza kuingia sawasawa, lakini mpangilio wa nyaya ukawa tofauti, na diski ikaungua siku hiyohiyo.

KUIANDAA DISKI MPYA

Ukiwasha, huenda usiione diski mpya mahali zinapoonekana nyingine. Usiogope. Diski mpya ni kama kiwanja ambacho hakijapimwa: ardhi ipo, lakini hakina mipaka wala namba. Katika Windows bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya kuanzia, uchague sehemu ya kusimamia diski. Mashine itakuuliza utumie mpango gani wa kugawa. Katika kompyuta za siku hizi chagua uitwao GPT, kwa kuwa ule wa zamani, MBR, hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 hivi katika diski moja. Kisha tengeneza sehemu, uifomati, na uipe jina ambalo kila mtu wa nyumbani atalitambua.

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Kufomati maana yake ni kufuta. Ukichagua diski ya zamani badala ya mpya, utakuwa umeyafuta yale uliyokusudia kuyahifadhi. Soma ukubwa wa diski, soma jina lake, kisha soma tena. Ukiona moyo una mashaka, zima mashine, chomoa kebo ya diski ya zamani, uiandae mpya ikiwa peke yake kama mfumo endeshi uko kwingine, au umwite anayejua. Kuuliza si ujinga.

NAKILI, USIHAMISHE

Sasa una diski mbili. Hapo ndipo nilipokosea mimi, nami nakuomba usikosee.

Vitu vya kawaida, kama filamu na michezo, hamisha upendavyo. Lakini vile visivyopatikana tena, nakili. Viache katika diski ya kwanza na uviweke pia katika ya pili. Kisha fungua nakala chache uhakikishe: picha iwe inaonekana, sauti iwe inasikika. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni ahadi tu.

Wako watakaokuambia kwamba kompyuta yaweza kuagizwa iandike kila jambo katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Ni kweli, na njia hiyo hufaa ikiwa diski moja itakufa. Lakini kioo huonyesha hata doa. Mtoto akifuta folda ya picha kwa bahati mbaya, itafutika pande zote mbili papo hapo. Tena diski zote mbili zimo katika kasha moja, zinakula umeme mmoja, chini ya paa moja. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, au mwizi akibeba kasha, au maji yakiingia ndani, vyote viwili huenda pamoja.

Hayo ya maji si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2011 mafuriko makubwa nchini Thailand yaliingia katika viwanda vya kutengenezea diski, na bei za diski zikapanda duniani kote. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, maji ya mvua yalifurika katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha, na familia nyingi zikatoka majumbani na nguo walizovaa tu. Katika saa kama hiyo mtu huokoa watoto, haokoi kompyuta. Na hivyo ndivyo inavyopasa.

NAKALA ILIYO NYUMBA NYINGINE

Uko mkasa mmoja unaofaa sana kusimuliwa katika ukurasa huu wa jamaa. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Siku moja amri ya kufuta ilitolewa kimakosa katika kompyuta za kazini, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka mbele ya macho ya watu. Wakaziendea nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Kumbe mama mmoja miongoni mwa wasimamizi wa ufundi, Galyn Susman, alikuwa amejifungua si muda mrefu, naye alikuwa akifanya kazi nyumbani ili awe karibu na mtoto wake. Katika kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwamo nakala. Wakaifunika mablanketi, wakaisafirisha kwa gari kwa uangalifu kama mgonjwa, na filamu ikaokoka. Ilionyeshwa mwaka 1999.

Kampuni yenye mitambo na mafundi hodari iliokolewa na kitu kilekile kilichoniokolea mimi dakika sita: nakala iliyokuwa katika nyumba nyingine.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni rahisi ya kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumba. Katika maisha yetu kanuni hiyo yatimizika bila gharama kubwa. Nakala ya kwanza iwe katika diski ya zamani, ya pili katika diski uliyoiongeza, na ya tatu katika diski ya nje, ile inayochomolewa, ikae kwa dada, kwa shemeji, au kwa rafiki wa kuaminika anayeishi mtaa mwingine. Ifunge kwa neno la siri, maana ndani mna vyeti na mambo ya nyumbani. Na neno hilo walijue watu wawili, si mmoja, kwani mauti hayapigi hodi.

Weka siku maalumu. Sisi nyumbani tumechagua Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya chakula cha mchana. Diski ya nje huja kutoka kwa shemeji, hupokea mambo ya mwezi mzima, kisha hurudi. Watoto ndio wanaoifanya kazi hiyo sasa, na wananikumbusha mimi.

Basi, ndugu msomaji, ukinunua diski ya pili, umefanya vyema. Lakini usiku huo kabla hujalala, jiulize ni kitu gani kimo katika kompyuta yako ambacho hakiuzwi katika duka lolote, na kama kipo mahali pengine popote. Kama una mzazi aliye hai, na bado hujainasa sauti yake, anza na hilo kwanza, diski itangoja. Mimi dakika zangu sita ziko mahali patatu. Zile saa nne nyingine sina pa kuziulizia.